Hiyo bei ni ya nani?

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, mwezi wa Oktoba, simu za watu wa Mtwara na Lindi hujaa picha ya aina moja. Ni kipeperushi chenye jina la chama kikuu cha ushirika juu, nembo nne tano za taasisi chini, na katikati tarakimu kubwa kuliko kitu kingine chochote: bei ya juu ya mnada wa leo. Tangu minada ihamie kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) msimu wa 2024/25, picha hiyo huweza kufika Dar es Salaam kabla wakulima waliohudhuria mnada hawajapanda bodaboda za kurudi kwao. Siku chache baadaye, fedha zikishaingia benki, ofisi za vyama vya msingi hujaa manung'uniko. Jioni yake ofisa fulani wa mawasiliano huandika kwenye ripoti kwamba wananchi bado hawana uelewa wa mfumo, hivyo elimu iendelee kutolewa.

Nasema ripoti hiyo imekosea, na kosa lake ni la kitaalamu. Mkulima wa Tandahimba anaujua mfumo huu kuliko wengi wetu tunaolipwa kuueleza. Kinachomsumbua ni hesabu moja ambayo hajajibiwa, na walioivuruga hesabu hiyo ni sisi watu wa mawasiliano, tulipochagua tarakimu inayopendeza kwenye picha tukaiacha ile inayomhusu. Halafu tunamwita hana uelewa, na tunaomba bajeti ya kumwelimisha.

Kwa msomaji asiye wa huku, nieleze kidogo. Stakabadhi ghalani kwenye korosho ilianza msimu wa 2007/08, na Mtwara ndiyo ilikuwa uwanja wa majaribio. Mkulima anapeleka magunia yake chama cha msingi, AMCOS kama tunavyoita sote, yanapimwa, anapewa stakabadhi. Mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu. Chama kikuu ndicho kinachouingiza mnadani: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi, Mtwara na Nanyumbu, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa wilaya za pwani ya Lindi. Zamani wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, zikafungwa na kutumbukizwa kwenye sanduku. Sasa wanashindana kwenye skrini. Bei zikishajulikana, wakulima waliopo uwanjani huulizwa kama wanauza au hawauzi. Wakikubali, mnunuzi analipa, fedha zinapita benki na kuishia kwenye akaunti ya mkulima.

Sasa tazama panapoharibika. Mnada mmoja hauna bei moja. Kila mzigo, kwa ghala lake na ubora wake, unapata bei yake, ndiyo maana taarifa rasmi husema "bei ya juu" na "bei ya chini". Isitoshe, bei ya mnada haimfikii mkulima nzima nzima. Kuna makato: usafirishaji, ghala, ushirika na mengineyo. Chukua mfano wa kubuni. Bei ya juu leo ni shilingi 3,000 kwa kilo, ya chini ni 2,850, na mzigo wa kijiji cha bwana mmoja umeangukia 2,870. Makato yakitoka, akaunti yake inasoma 2,600 na ushei. Kwenye hesabu hiyo hakuna aliyeibiwa. Lakini yule bwana kaiona 3,000 kwenye simu ya mwanawe, kaiona tena kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na redio imeirudia mara tatu. Kwake zimepotea karibu shilingi 400 kwa kila kilo. Ana tani moja. Hapo ni laki nne. Tusimlaumu anapouliza imekwenda wapi. Tulimtangazia bei ya mtu mwingine kwa herufi kubwa, halafu yake hatukumtangazia kabisa.

Nimefanya kazi miaka kadhaa katika kampuni ya mawasiliano Dar es Salaam kabla ya kurudi Mtwara, na vipeperushi vya namna hiyo nimeviidhinisha kwa mkono wangu. Mwaka mmoja tulikwenda kijiji kimoja cha Newala na mteja wetu, taasisi ambayo sitaitaja, kutoa "elimu kwa umma". Tulikuwa na hema, fulana mia mbili, spika zilizokuwa zinapiga muziki tangu saa mbili asubuhi, na bango la mita tatu lenye bei ya juu ya msimu uliopita. Ofisa wa mteja alizungumza dakika arobaini. Akasimama mama mmoja, kanga begani, kipaza sauti akakikataa, akanyoosha kidole kwenye bango. "Wanangu, karibuni sana. Hiyo bei ni ya nani?" Mwezeshaji wetu akamjibu, "Ni bei ya mnada, mama." "Ya mnada najua. Ya nani? Maana hapa kijijini hayupo aliyeipata." Watu wakaangua kicheko, na sisi tukaona bora tuanze kugawa fulana. Kwenye ripoti niliandika kwamba mkutano ulihudhuriwa na watu zaidi ya mia tatu na mwitikio ulikuwa mzuri. Swali la yule mama halikuwa na safu ya kuliweka.

Hilo la safu si dogo. Wakala wa mawasiliano huandika kile anachopimwa nacho. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa tunakata vipande vya magazeti, tunapima sentimita zake, tunazidisha kwa bei ya tangazo la ukubwa ule, kisha tunamwambia mteja kwamba amepata "thamani" ya milioni kadhaa. Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano kutoka nchi mbalimbali walikutana Barcelona na kukubaliana kanuni saba. Mojawapo inasema wazi kwamba thamani ya tangazo haiwezi kuhesabiwa kuwa thamani ya uhusiano kwa umma, na nyingine inataka tupime matokeo badala ya kuhesabu tulichotoa. Zaidi ya miaka kumi baadaye tumebadilisha rula tu. Sentimita zimekuwa watazamaji, vipande vimekuwa "likes". Kipeperushi cha bei ya juu kinapata watazamaji wengi kweli. Kinasambazwa na watu ambao hata mkorosho hawajawahi kuuona. Ukikipima hivyo, kimefaulu. Ukikipima kwa maswali yanayomwangukia karani wa AMCOS wiki inayofuata, kimemletea balaa.

Wasomi wawili wa Marekani, James Grunig na Todd Hunt, waliigawa kazi hii katika mifumo minne mwaka 1984. Wa kwanza ni wa kupiga kelele ili uonekane. Wa pili ni wa kutoa taarifa za kweli kwa upande mmoja. Wa tatu unasikiliza watu, lakini lengo ni kujua namna ya kuwashawishi. Wa nne unasikiliza huku taasisi yenyewe ikiwa tayari kubadilika. Vyuoni tunafundishwa kwamba huo wa nne ni nadra, karibu ndoto. Nami nimeuona mara nyingi, chini ya mwembe na kwenye viwanja vya magodauni: bei zinasomwa, wakulima wanaguna, mmoja anapinga, mwingine anamjibu, kisha wanaamua kuuza au kutouza, na soko lazima litii. Watu waliozoea kikao ambacho neno lao linasimamisha biashara ya mabilioni, sisi tunawaendea na spika na fulana, mfumo wa kwanza kabisa kwenye orodha.

Upande wa pili una hoja zake, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni gharama. Kufika vijiji vyote vya Liwale au Nanyumbu kwa gari ni mafuta, posho na siku kadhaa barabarani. Ujumbe wa simu unafika kwa sekunde na gharama yake ni ndogo. Ni kweli, wala sitetei kurudi kwenye gari la matangazo pekee. Ila simu haikuja kuziba nafasi ya mkutano. Zamani mtu alikuja kikaoni kusikia bei. Sasa anakuja anaijua, na amekuja kuuliza kwa nini yake si ile. Swali limepanda daraja, na anayetumwa kulijibu bado ni yule yule mwenye karatasi ya kusoma.

Hoja ya pili inanipa shida zaidi, na sitajifanya nimeimaliza. Wanasema taarifa fupi na kubwa inahitajika kwa sababu ombwe hujazwa na uvumi, na uvumi wa korosho una wenyewe. Wanunuzi wa kangomba, wanaozunguka mashambani na fedha taslimu kununua kwa bei ya kutupa nje ya mfumo, hufurahi sana mkulima akiamini kwamba mnada umebuma au malipo yatachelewa mpaka sikukuu zipite. Mama mwenye mtoto wa kupeleka sekondari Januari hawezi kungoja uvumi ukanushwe. Atauza gunia mbili usiku. Kwa hiyo ndiyo, bei itangazwe upesi na kwa sauti. Ninachobishia ni bei ipi. Ukitangaza ya juu peke yake, umemsaidia mwenye kangomba kwa mlango wa nyuma, kwa sababu malipo ya kwanza yakitoka pungufu ya tangazo atakuwa na hoja ya kweli mkononi: "Si niliwaambia?"

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia mara nyingi kwenye vikao vya Dar es Salaam, chai ikishamiminwa: watu wa Kusini ni wabishi, ukiwaambia nini hawaelewi. Anayeisema hutaja gesi ya 2013 kama ushahidi. Basi na tuitazame hiyo gesi. Gesi ya Mnazi Bay, huku huku Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Miaka thelathini baadaye, mpango wa kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam ulipoanza kutekelezwa, watu waliandamana Mtwara mjini Desemba 2012, wakiuliza mkoa utabaki na nini. Januari 2013 fujo zikazuka na watu wakafa. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alikuja mwenyewe mwishoni mwa mwezi huo, akakaa na makundi mbalimbali, akasikiliza, akaeleza kwamba gesi itasafishwa hapa hapa kabla ya kusafirishwa. Mji ukatulia. Tarehe 22 Mei bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, Mtwara ikawaka tena, safari hii hadi jeshi likaingia. Walewale wabishi waliotulia Januari walipokaliwa kitako na kujibiwa, walilipuka Mei waliposomewa uamuzi kutoka mbali. Maelezo ya mwaka ule yalikuwa mengi sana: takwimu za megawati, kilomita 542 za bomba, faida kwa taifa. Hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lililoulizwa.

Ukitaka ushahidi wa pili, uko kwenye korosho zenyewe. Mwanzoni mwa msimu wa 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za mnada. Wapo waliowaona wamedanganywa na wanasiasa. Wiki chache baadaye Rais John Magufuli, naye akiona bei zile hazifai, aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Siingii kwenye mjadala wa kama uamuzi ule ulikuwa mzuri kiuchumi. Nataja jambo la fani yangu tu. Ujumbe wa 3,300 ulikuwa mwepesi, wa tarakimu moja, na ulifika kila kitongoji kwa siku moja. Kisha ukaja uhakiki: wenye kilo nyingi wafuatwe hadi mashambani kuthibitishwa kwamba korosho si za kangomba. Kuna waliolipwa mapema na kuna waliosubiri mno. Bei iliwafikia wote. Ratiba ya uhakiki na malipo ilikuwa ya kuokoteza mitaani. Huku kwetu bado wapo watu wanaoikumbuka 3,300 kama ahadi wala si kama fedha, na ofisa yeyote anayekuja leo na tarakimu moja nono anaikuta kumbukumbu hiyo imemtangulia.

Na kumbukumbu za huku ni ndefu. Mpango wa karanga wa Waingereza ulipigiwa debe London kama muujiza; Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake, na bandari ya Mtwara pamoja na reli ya Nachingwea ni matunda yake. Mwaka 1951 ulitupwa, baada ya kumeza pauni milioni 36 na zaidi. Reli ikafungwa 1962. Mzee wa Nachingwea akikusikiliza kwa jicho moja unapomwonyesha mchoro wa mradi, usidhani hajaelewa mchoro.

Hii inanipeleka Lindi, kwenye mradi wa kuchakata gesi kuwa kimiminika uliopangwa Likong'o. Juni 2022 Serikali ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell, kwa uwekezaji uliotajwa kufikia dola bilioni 30 za Marekani. Picha za siku ile zilijaa kila mahali. Baada ya hapo taarifa zimekuwa za kudondoka: mazungumzo yanaendelea, yamefika hatua nzuri, yako mwishoni. Huko Lindi kuna watu waliohamishwa kupisha eneo, kuna walionunua viwanja wakitegemea mji utafumuka, kuna vijana waliosoma uchomeleaji kwa matumaini ya ajira. Mwanafunzi wa uhusiano kwa umma atakuambia kwamba usiseme mpaka uwe na habari. Kwa mradi wa namna hii ushauri huo una madhara. "Hatujasaini, yaliyobaki ni haya mawili, tutarudi kwenu mwezi fulani hata kama hakuna jipya" ni habari tosha kwa mtu anayeamua kama auze kiwanja chake. Wanaosema wananchi hawatavumilia taarifa za nusunusu wanasahau kwamba mkulima wa korosho anaishi na taarifa za nusunusu mwaka mzima: mvua, ukungu, salfa ya kupulizia mikorosho itafika lini.

Kwa hiyo kampuni ya mawasiliano inayopata kazi Kusini ibadilishe nini? Lugha, wengi watasema. Tuweke matangazo kwa Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera. Yanapendeza, na bibi yangu angeyafurahia, lakini yule mama wa Newala aliuliza kwa Kiswahili safi na hakujibiwa kwa Kiswahili safi. Ningeanza na jedwali. Kipeperushi cha siku ya mnada kionyeshe kila ghala na bei yake, kisha chini yake makato moja moja kwa majina, kisha mstari wa mwisho: kinachoingia mkononi kwa kilo. Kitakuwa kibaya kwa sura. Mbunifu wa picha atalalamika kwamba maandishi ni mengi, na mteja atauliza nembo yake ikae wapi. Kisomeke pia kwa sauti redioni, taratibu, kama matokeo ya mtihani yanavyosomwa, maana wenye kitochi ni wengi bado. Na bajeti ya hema ipelekwe kumlipa mtu mmoja akae kwenye eneo la chama kikuu wiki mbili baada ya mnada wa kwanza, kazi yake iwe kuandika maswali kama yalivyoulizwa na kuyarudisha juu pamoja na jina la ofisi inayotakiwa kuyajibu.

Najua ugumu uko wapi. Jedwali la makato likiwekwa hadharani kila mnada, kuna makato ambayo wenyewe watatakiwa kuyatetea mbele ya watu, na kuna ambayo hayatateteeka. Hapo ndipo wateja wengi huomba turudi kwenye fulana. Mimi mwenyewe, nikiwa bado mwajiriwa, sikuwahi kumwambia mteja kwamba tatizo lake halitibiwi na tangazo. Kazi ile ilikuwa inalipa kodi yangu ya nyumba Sinza.

Vipeperushi vya msimu ujao hutengenezwa mapema, kuanzia Agosti hivi, na vingi vinachorwa na vijana wa Dar es Salaam wasiojua tofauti ya ghala la Tandahimba na la Mahuta. Ni vijana hodari. Kama mmoja wao ataisoma makala hii akiwa na faili limefunguka mbele yake, namwomba aipunguze ile tarakimu ya katikati, aiache nafasi ya mistari sita hivi chini yake, kisha ampigie mteja simu amwulize ajaze nini humo.